Radhi Kabla ya Kisu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimewaficha kwamba naweza kupona.

Naliandika hilo kwanza, lisije likapotea kama yanavyonipotea mengine siku hizi. Mtaa mzima unajua kwamba Abdulhalim anakufa, na mimi ndiye niliyewaambia. Sikusema uongo kamili. Nilisema nina uvimbe shingoni, nikanyamaza. Kwa watu wa Mji wa Kale uvimbe ukishatajwa hauhitaji maelezo. Wanakumalizia wao, na kufikia alasiri wameshakuchagulia mtu wa kukuosha.

Ukweli ni huu. Nyuma ya tezi kubwa ya koo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kuchunga kalisiamu kwenye damu. Kimoja changu kimeota kikawa kama tunda la kunazi, kinamwaga homoni bila kuulizwa na mtu. Basi mifupa inanyang'anywa kalisiamu yake, figo zinajaa mawe, tumbo linafunga, kichwa kinaingia ukungu. Mwezi uliopita niliinua birika la chai kwa mkono wa kushoto, kifundo kikavunjika. Birika la chai! Kama si mkono wa kulia kubaki mzima, hata haya nisingeyaandika.

Si saratani. Daktari alilirudia hilo akidhani sikusikia. Anaitwa Naqiya, binti wa Kibohora ambaye baba yake aliuza rangi za nyumba, na leo anataka kunipasua mimi. Hata kupasua si kupasua. Ananitoboa chini ya koromeo, tundu la kifungo cha kanzu, anaingiza vijikoleo na kamera, anakinyofoa kile kimoja, na jioni nakunywa uji. Zamani walikukata shingo kutoka sikio hadi sikio, ukatoka pale umejua kwamba umetibiwa. Nisipokubali, ama figo ama moyo utasimama, na daktari hawezi kuniahidi hata mwaka huu kuisha.

Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi nyumbani nikasema nakufa.

Kwa nini? Kufa kuna heshima yake. Kutobolewa na msichana aliyevaa raba hakuna heshima yoyote.

Alhamisi, 4 Septemba

Maulidi yamewadia, watu wanawinda thawabu, na mgonjwa ndiye thawabu ya karibu kuliko zote. Huhitaji hata kuvuka barabara.

Walikuja tangu asubuhi kutaka radhi. Ndiyo desturi yetu: mtu akitaka kusafiri, au akilala kitanda kisichoeleweka, wenziwe huja kuombana radhi. Kama nimekukosea nisamehe, kama umenikosea nimekusamehe. Hakuna anayesema alikosea nini. Radhi za jumla, kama magunia ya vitunguu. Mtu anatamka maneno, anakula kaimati, anaondoka mwepesi.

Mimi natoa. Kuomba sijawahi kuomba, na hakuna aliyegundua.

Alikuja Hussam, mwalimu mstaafu wa hesabu. Miaka thelathini nilikuwa mkaguzi wa shule, kutoka hapa mpaka Lamu, na huyu nilimkagua akiwa kijana. Niliandika kwamba anafundisha kama mtu anayesoma tangazo la mazishi. Walimu wenzake wakamwita Tangazo mpaka alipostaafu. Leo alinishika mkono akalia. Nilimpa alama nne kwa kumi wakati ule, na kwa kulia simuongezi.

Mchana akaingia Mejumaa, binti yangu. Anakaa Buxton, dakika kumi kwa tuktuk, na kwa miaka kumi na mbili amekuwa akinijia Idi kwa Idi, anasimama karibu na mlango, anauliza hali, anaweka sahani ya biriani, anakwenda. Leo amekuja na begi. Ati atalala chumba cha marehemu mama yake mpaka mwisho.

Mpaka mwisho. Alisema hivyohivyo, kisha akageuka kupanga leso zake.

Niandike mara moja kwa nini alikuwa akisimama mlangoni. Chonga, ambaye sasa ni mumewe, alipomposa alikuja na wazee wake kutoka Kwale. Mwislamu, anaswali, karani bandarini. Hakuna shari aliyoifanya. Barazani palikuwa pamejaa watu, halua imeshakatwa. Nikawaambia wazee wale kwamba babu zao walikuja mjini humu kubeba mizigo ya babu yangu, na sioni mzigo wowote uliobaki wa kumbebesha mjukuu. Watu walitazama chini. Mama Mejumaa, nyuma ya pazia, alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Nikakataa kuwa walii wa kumwoza. Kadhi ndiye aliyemwoza binti yangu kama yatima, nami ni hai, nimekaa juu dirishani nikisoma gazeti. Mwaka uliofuata mama yake akafariki.

Uji aliopika Mejumaa ni maji matupu. Nilikunywa bakuli mbili.

Jumamosi, 6 Septemba

Mawe ya figo usiku kucha. Chonga alinibeba mgongoni kunishusha ngazi hadi chooni, akanipandisha. Hakusema neno. Nawachukia watu wasiosema neno, huwezi kuwasahihisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefumaniwa.

Daktari alipiga simu nikiwa nimelala, Mejumaa akaipokea. Nilipofungua macho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, ananitazama kama mtoto aliyeoneshwa mazingaombwe. Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alinivalisha kanzu, Chonga akanibeba, tukaenda.

Chumba cha yule daktari kina baridi kama duka la nyama. Alimchorea Mejumaa shingo kwenye karatasi, mchoro wa ovyo, shingo kama chupa ya soda, akaeleza yaleyale: picha zimeonesha ni kitezi kipi, hivyo hakuna haja ya kufungua shingo nzima na kuvitafuta vyote. Tundu moja, kimoja kinatoka, vitatu vinabaki kufanya kazi. Anasema "mzee wangu" kila baada ya sentensi, kama anayeuza viazi karai pale bustani ya Mama Ngina.

Kisha Mejumaa akauliza kama ugonjwa huu hugusa tabia ya mtu.

Daktari akaiweka chini kalamu. Akasema ndiyo. Kalisiamu ikizidi, ubongo nao unaumia: mtu anakuwa na huzuni, hasira za karibu, shaka, ulimi mkali. Akasema kuna jamaa za wagonjwa waliomwambia baada ya upasuaji kwamba wamerudishiwa mtu wao.

"Na kinaweza kukaa shingoni muda gani kabla ya kujulikana?"

"Kinakua taratibu. Wengine hukaa nacho miaka mingi."

"Miaka kumi na mbili?"

Daktari alinitazama, akamtazama yeye. "Siwezi kusema ndiyo. Siwezi kukataa pia."

Mejumaa aliniwekea mkono gotini. Hajanigusa kwa hiari yake tangu alipokuwa msichana. Hakuniuliza kwa nini niliwaficha kwamba napona. Njiani alimwambia Chonga, mimi nikiwa katikati yao kama gunia, kwamba hata kule kuficha ni ugonjwa, akili ya Baba haikuwa yake.

Niliitazama barabara. Nilikuwa na nafasi ya kusema kutoka hospitali mpaka mlangoni kwetu. Nikasema dereva wa tuktuk hajui kuendesha.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesaini nitobolewe Alhamisi ijayo. Yaani Mejumaa alinishikia karatasi nami nikasaini, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Amewaeleza watu wote. Mtaa sasa una utabibu mpya. Maskini Mzee Abdulhalim, kumbe ni tezi. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye watoto wake niliwaita mbuzi, ameniletea maji ya zamzam. Hussam karudi. Amesema amefurahi sana kujua kwamba ile ripoti niliyoandika juu yake haikuwa akili yangu.

Haikuwa akili yangu! Ile ilikuwa ripoti bora kuliko zote nilizoandika wilaya nzima. Nilikaa siku mbili kuitafuta ile "tangazo la mazishi". Sasa kila hukumu niliyoitoa katika maisha yangu imebebeshwa kunazi moja. Nimeona watu wakivuliwa vyeo na mali. Mimi navuliwa hata ubaya wangu, na wanaonivua wanatabasamu.

Na bado sikumsahihisha. Mimi, niliyewasahihisha maimamu katikati ya hotuba.

Mejumaa anaimba jikoni. Ana sauti mbaya, ya mama yake. Jana alinipakia wanja wa mzaha puani akacheka. Mtu mzima, mama wa watoto wawili. Anasema, Baba, ukirudi kutoka huko nitakupeleka Buxton ukae na wajukuu, na utaanza upya na baba watoto. Nikamuuliza, nikae kwenye yale maghorofa kama kuku wa kizungu? Akacheka tena. "Sema, sema. Umebaki na siku sita za kusema."

Anadhani mimi nina tarehe ya mwisho, kama maziwa.

Jumapili, 14 Septemba

Allarakha kaja. Ana duka la misumari na makufuli Majengo, na ndiye mtu pekee aliyekaa nami darasani ambaye bado anapumua. Alipanda ngazi kwa robo saa, akaketi, akaomba kahawa, akaomba na halua, akaomba mto wa mgongo. Mejumaa akampa vyote na habari ya tezi juu yake.

Allarakha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka meno ya bandia ya juu yakashuka.

"Tezi? Bana, huyu Halim darasa la nne alikataa kukaa dawati moja na mimi. Akamwambia mwalimu nanuka mafuta ya taa. Sasa niambie, hiyo tezi ilikuwa imeshaota?"

"Ulikuwa unanuka," nikasema.

"Nilikuwa nanuka. Baba yangu aliuza mafuta ya taa. Lakini wewe ndiye uliyesimama kulisema."

Mejumaa alicheka nasi, kisha akaacha. Aliketi mkekani, sahani ya kaimati mapajani, akasema bila kumtazama mtu:

"Mzee Allarakha, ukali naujua. Nimelelewa nao. Nao ukali una mpaka wake. Lakini yule aliyesema yale barazani siku ya posa hakuwa baba yangu. Nimekaa miaka yote hii najiuliza mtu anawezaje kumtazama mwanawe akasema vile. Sasa nimejua. Hakuwa yeye."

Allarakha alikuwepo barazani siku ile. Alikaa karibu yangu, mkononi kashika kijiko cha halua ambacho hakukifikisha mdomoni. Leo alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nikakitazama kidole changu cha mguu. Nilimngoja aseme. Nilimwogopa muuza misumari, mtu asiyejua kuandika barua bila makosa matatu.

Akasema halua ya siku hizi ina sukari mno.

Wakati wa kuondoka alinikumbatia, jambo ambalo hatufanyi, akaninong'oneza sikioni.

"Ukitoka huko umepona, Halim, binti yako utamletea baba gani?"

Nikamwambia bado ananuka.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelazwa tangu jana. Wananipa dripu kuishusha kalisiamu kabla ya kesho. Kitanda kinanyanyuka kwa kitufe, televisheni haizimiki, na jirani yangu wa kitanda cha pili anakoroma kama mashine ya kusaga. Muuguzi anaitwa Zilpah, wa Kaloleni, mkali, mwandiko mzuri. Alama saba. Ndiye pekee humu ndani asiyenionea huruma. Alipoona nimesukuma sahani, akaniambia sahani si mwanafunzi.

Daktari Naqiya kaja na wino, kanichora mstari shingoni. Nikamuuliza, mstari huo ndio wote? Ndio wote. Akaeleza kwamba nikiwa nimelala, kitezi kikishatoka, watanitoa damu palepale na kuipima. Homoni ikiwa imeanguka, wanashona. Isipoanguka, bado kuna kingine kibovu, wanaendelea kutafuta. Nikamuuliza, na kama imeanguka, mtu hubadilika lini? Akasema kiu na uchovu huondoka haraka, mifupa huchukua miezi. Na moyo wa mtu? Akadhani namaanisha mapigo. Akasema moyo utatulia.

Msichana huyu ana mikono midogo iliyotulia. Nilitafuta kosa kwenye mikono ile nikalikosa. Imeniudhi.

Nimefikiri siku nzima. Kesho homoni itaanguka. Mejumaa atakaa kando ya kitanda, na uji wake wa maji, akimngoja mtu atoke ndani yangu. Siku ya kwanza atasema bado ana usingizi wa nusukaputi. Wiki ya kwanza atasema kidonda. Mwezi wa kwanza atasema daktari alisema itachukua miezi. Kisha nitafungua mdomo, sijui lini, juu ya kitu gani, juu ya watoto wake au chumvi au mikono ya Chonga, na itatoka kauli ileile, kavu, safi, iliyochongwa. Atanitazama. Hakutakuwa na kunazi tena.

Saa ya magharibi nilimwambia Zilpah nimeghairi, anivue dripu, niende nikafe nyumbani. Nikasema sitatobolewa na watoto. Akauliza kama naogopa nusukaputi. Nikasema siogopi kitu. Akasema basi nimwambie binti yangu mwenyewe, maana yeye Zilpah hatanibebea maneno hayo, akaenda kumtazama mkoromaji.

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Mgonjwa anayekufa anaombwa radhi na hasahihishwi. Wangenizika na tezi yangu, na wajukuu wangeambiwa babu alikuwa mtu mwema aliyeugua. Mauti yangenifaa. Kupona ndiko kutakakonivua nguo.

Sikumwambia Mejumaa. Alikuja na mafuta ya nazi akanisugua miguu.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi. Nimevalishwa gauni la kijani lililo wazi nyuma. Zilpah kasema wanaandaa chumba, kitanda cha magurudumu kinakuja. Kaniachia kalamu. Ataichukua akirudi, kasema, hata kama niko katikati ya neno.

Mejumaa alikuwa hapa. Amepiga magoti sakafuni, nikamwambia sakafu chafu, hakuinuka. Akasema amekuja kutaka radhi kabla ya kisu. Nikasema nimeshakupa, nimewapa watu wote. Akasema hapana, si ile. Anataka kuitaja.

Hakuna anayeitaja. Yeye aliitaja.

Alisema kila Ijumaa kwa miaka yote hii amekuwa akienda kaburini kwa mama yake, na akimaliza kumwombea mama yake, ananiombea mimi. "Nilikuombea ufe peke yako, Baba. Ufe hakuna wa kukupa maji. Nilikuwa nasema kwa sauti, mama asikie. Sikujua ni maradhi. Ningejua nisingesema. Nipe radhi."

Kichwa chake kilikuwa kwenye godoro, karibu na mkono wangu wenye plasta. Ana mvi. Sikuwa nimeziona, kwa kuwa miaka yote alisimama mbali, na wiki hizi alijitanda leso, ambayo sasa imemteleza. Nilinyanyua mkono wa pili niuweke pale. Nilitakiwa kusema neno moja tu, radhi, nalo nimelitoa hata kwa wauza samaki. Halikutoka. Kinywa kilikuwa kikavu, nami najua kilikuwa kikavu kwa sababu gani, na si kalisiamu.

Aliona macho yangu yamelowa, akayafahamu atakavyo. Akayafuta kwa ncha ya leso yake. Akasema, usiseme kitu Baba, nimeipata. Akasema Chonga naye yuko nje tangu alfajiri, hakwenda kazini, na yeye pia anataka kuja kupiga magoti, maana alikuchukia, na anaona aibu kumchukia mgonjwa. Ngoja nimwite.

Chonga. Apige magoti. Kwangu.

Nasikia viatu vyao ukumbini, na magurudumu nyuma yao. Naandika haraka, mwandiko haufai.

Mwaka ule, wiki tatu kabla ya wazee wa Kwale kukanyaga baraza langu, nilirudi kutoka India. Nilimsindikiza Allarakha akatengenezwe magoti, nami nikapimwa kila kitu kwa kuwa bei ilikuwa ileile. Figo, ini, sukari, mafuta, kalisiamu, homoni za tezi zote. Daktari wa kule alisema damu yangu ni ya kijana wa miaka ishirini. Nilijisifu kwa Allarakha njia nzima ya kurudi; nyumbani sikumwambia mtu, na mke wangu hakuuliza.

Wamefika. Mejumaa amemshika mkono, anamtanguliza. Anatabasamu.

Siku ile barazani nilikuwa mzima.